Mashine Ilisema Haiwezi, Wifi Akajibu Sawa

Wifi yangu mtaa mzima wanamwita Bi Nukta, na jina hilo amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita amechapa maandishi ya watu kwenye duka la steshenari lililo nyuma ya benki: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, tasnifu za wanafunzi ambao wenyewe hawajui walichoandika. Mteja akileta karatasi isiyo na nukta, anamrudishia. "Hapa unapumua wapi?" anamuuliza. Wapo waliokasirika wakaenda duka la pili, wakakuta huko barua inatoka na makosa yake yote pamoja na mengine ya nyongeza, wakarudi kimya kimya. Siku hizi ukitaja wifi watoto wanadhani unaulizia mtandao, kwa hiyo niseme wazi kwamba huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Aliolewa mara moja, akarudi kwa mama yake na kabati lake la nguo, hakueleza wala hakuulizwa.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Jina, umri, jino gani, kaa pale. Sina subira na hadithi ndefu, na mtu mwenye jino bovu naye hana. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa upande wa kompyuta ya wifi, wala wa kazi iliyokuwa ikifanywa juu yake. Niliona ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama mkwe wangu alikuwa mkunga, na kila mtoto aliyempokea alimwandika kwenye daftari kwa penseli: nambari yake, mama yake ni nani, siku, saa, wa kike au wa kiume, uzito, kisha maneno machache aliyopenda mwenyewe. Alikuwa na madaftari thelathini na nane. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alikuwa akisema. "Sasa mtoto je?" Alipozeeka, wifi akaamua kuyachapa yote yawe kitabu kimoja. Madaftari thelathini na mawili ya mwanzo hayakumsumbua. Sita ya mwisho hayakusomeka na mtu yeyote. Yaliandikwa mikono ya mama mkwe ilipokwisha kuanza kutetemeka, na ukiyafungua unaona mistari tu, utadhani kuku kapita na tope. Aliyeweza kuyasoma alikuwa yeye peke yake, na kwa kweli hakuwa akiyasoma. Aliyakumbuka, na mistari ile ilikuwa inamkumbusha nani alimfuata nani.

Mimi na mama mkwe tuliheshimiana kwa mbali. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake, akafa siku hiyo hiyo. Mama mkwe alimfunga kwenye kitambaa cheupe, akamkabidhi mume wangu, akanawa mikono, na tangu hapo hakunitamkia neno moja juu yake kwa miaka kumi na tisa. Wawili waliofuata nikawazalia hospitali, makusudi. Niliweka kinyongo, na kinyongo changu nilikitunza vizuri, hakikupata vumbi.

Kompyuta iliitwa Babu. Steshenari walipoleta mashine mpya, mwenye duka alimpa wifi ile ya zamani iwe asante yake ya miaka mingi, naye akaiweka sebuleni kwa mama yake, karibu na dirisha. Ilikuwa na rangi ya meno ya mvutaji sigara, na rangi hiyo naijua vizuri. Kuiwasha kulichukua nusu saa, kwa hiyo wifi alikuwa haizimi. Alikuwa anazima kioo tu, anaiacha ndani ikinguruma. Pia alikuwa na mtindo wake. Hakutaka mafaili mengi. "Mama ni mmoja, kitabu kimoja," alisema, na humo humo, kando ya kila ukurasa aliouchapa, akabandika picha ya ukurasa wa daftari aliyoipiga kwa skana ya dukani. Faili likanenepa. Ikafika mahali ukitaka kugeuza ukurasa unakwenda kuanua nguo, unarudi, bado Babu anafikiri.

Kwa wiki tatu mama mkwe alikaa kitini kila alasiri, daftari mapajani, akisema, na wifi akachapa. Jumanne walimaliza daftari la thelathini na nane. Ijumaa mama mkwe alilalamika kifua. Jumamosi hatukuwa naye. Tulimzika Jumapili, na watu waliokuja walijaa hadi barabarani, maana nusu yao yeye ndiye mtu wa kwanza aliyewashika.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kazini, foleni ya watu tisa, nikaandika jina la mtu bila kuinua macho, nikaandika umri, nikauliza, "Jino gani?"

"Wifi," ikasema sauti, "mama hayumo."

Alikuwa amepanga foleni na wagonjwa kama mtu aliyekuja kung'olewa. Nilimtoa nje, tukasimama kando ya tangi la maji, akanieleza. Asubuhi ile alitaka kunakili faili kwenye flashi ampelekee mume wangu. Akatazama tarehe ya faili. Ilikuwa ya karibu wiki nne nyuma.

"Si ulikuwa unahifadhi?"

"Kila jioni. Nabonyeza, kinakuja kile kiboksi, nabonyeza OK, namaliza."

"Kiboksi kinasemaje?"

"Kiko kwa Kiingereza, wifi. Si kinasema tayari?"

Vidole vya wifi vinajua Kiingereza kuliko yeye. Tasnifu nzima atakuchapia bila kosa, ukimuuliza inahusu nini atakwambia inahusu kurasa mia na nane. Nikaomba dakika arobaini kazini, nikaenda naye nyumbani, akabonyeza, kiboksi kikaja. Nilikisoma mara mbili kabla ya kumfasiria. Kilisema memori haitoshi, faili halikuhifadhiwa. Mashine ilikuwa imesema haiwezi, yeye akajibu sawa, jioni kumi na saba mfululizo.

Kwa hiyo watoto mia nne na kumi na wawili, kuanzia nambari elfu moja mia nne tisini na saba mpaka elfu moja mia tisa na nane, walikuwa mle ndani ya Babu kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyemzima. Na aliyewasema alikuwa ameshazikwa.

Mume wangu anachomelea mageti. Kwake yeye kitu kisichotosha kinaungwa kipande. Aliposikia memori haitoshi alisema, "Si tuongeze?" na Jumatano asubuhi akarudi na kipande cha memori kimefungwa kwenye gazeti, kimo mfuko wa shati, anatembea kwa tahadhari kama kabeba yai. Nyuma yake alikuja fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Fundi alifungua ubavu wa Babu akiwa anawaka vile vile, akamulika kwa tochi ya simu, kisha akageuza kile kipande mkononi.

"Nani kanunua hii?"

"Mimi hapa," mume wangu akasema, kifua mbele.

"Kuingia itaingia. Kukubaliwa ndiyo haitakubaliwa." Akaelekeza tochi. "Nafasi za memori ziko mbili. Kila nafasi mwisho wake megabaiti mia mbili hamsini na sita, na zote zimeshajaa. Jumla mia tano na kumi na mbili. Waliotengeneza ubao huu waliishia hapo. Ukiweka kubwa zaidi hauioni. Utapiga mlio mara tatu, basi."

"Hata tukiisukuma vizuri?"

"Bwana, hili si geti."

Fundi akavua miwani, akaifuta.

"Na hata ingekubalika, memori haiwekwi mashine ikiwa inawaka. Lazima uizime kwanza. Na ukiizima..." Alimtazama wifi, akajua kwamba amekwisha elewa.

Alijaribu mengine. Alitaka kuhamisha ukurasa mmoja tu kwenye faili jipya, na Babu akaganda. Mshale ukasimama, mngurumo ukabadilika sauti, akakaa hivyo dakika ishirini na tano. Wifi alikuwa ameshika kitasa cha dirisha. Babu aliporudi, fundi alikuwa na jasho puani. "Sirudii," alisema. "Sitaki niwe mimi niliyemuua." Simu zetu wakati huo zilikuwa za tochi tu, hazina kamera. Yake ilikuwa na kamera, akapiga kioo, ikatoka picha ya mwanga na vumbi. Printa hatukuwa nayo, na alisema hata ingekuwepo, kuchapa nako kunakula memori.

"Kalamu je?" wifi akauliza.

Fundi akafikiri kwa dhati kabisa, kama swali la kiufundi. "Kalamu haili memori," akasema.

Wakati anafunga ubavu wa Babu likapita gari la matangazo. Kesho Alhamisi umeme utakatika kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, wanabadilisha nguzo. Tuliangalia chini ya meza. Betri ya akiba ilikuwepo, lakini ilikufa kabla ya mama mkwe, tena kwa muda mrefu.

Wifi akanigeukia. "Wifi, mwandiko wako unasomeka."

Ningeweza kukataa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu kwangu hata uzito wa usufi haukuwa nao. Ila alisema kwa sauti ndogo, mtu ambaye kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akiamrisha nukta za watu. Nikampigia simu daktari wa meno, nikamwambia sitarudi leo wala kesho, nauguza. Akauliza namuuguza nani. Nikasema Babu. Akanipa pole.

Tulianza saa tisa alasiri. Mimi mezani na daftari jipya la kurasa mia mbili, yeye mbele ya kioo anasoma. Ilikuwa lazima kwenda ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka, maana Babu akikimbizwa anaganda. Wifi alibonyeza kitufe cha kushuka kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayejaribu chai ya moto.

"Elfu moja mia tano na tatu. Mke wa dereva wa lori. Wa kiume, kilo tatu na robo. Alinitukana sana, kisha akaniomba radhi na maji."

Nikaandika.

"Elfu moja mia tano na thelathini. Mwalimu wa shule ya msingi. Wa kike, kilo tatu. Baba mtu alizimia, nikawa na wagonjwa wawili."

Nikaandika. Kulikuwa na pacha ambaye hakuna aliyejua yumo, akaja watu wameshaanza kunywa chai. Kulikuwa na mama mmoja aliyezaa huku akihesabu kwa sauti mpaka mia sita. Kulikuwa na mtoto aliyeandikwa "huyu ana haraka ya wapi". Mama mkwe hakuwa mtu wa kucheka, au mimi hakunichekea, na sasa nakuta kumbe alikuwa na utani wote huu ameufungia kwenye penseli. Ilinikera. Nilitaka kuendelea kumchukia bila bughudha, na kila baada ya mistari mitano ananichekesha.

Saa moja jioni mkono wangu ulikuwa umekakamaa na vidole haviachi kalamu. Tulikuwa tumefika watoto mia moja na sabini. Wifi akazima kioo, akamfunika Babu kwa shuka upande usio na matundu ya hewa, akavuta kiti cha mama yake, akakaa ubavuni mwake. Nikamwacha pale.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimerudi. Tukaenda vizuri. Nilipata mwendo, naye akapata mwendo, anaposema "kilo" mimi nimeshaiandika. Saa mbili na nusu tulikuwa tumebakiza mia moja hivi. Saa tatu, sitini. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tutamaliza na chai tutakunywa.

"Elfu moja mia nane na sabini," alisoma wifi. "Mke wa mwashi. Wa kiume, kilo tatu na nusu. Ana sauti."

Nikaandika, nikangoja. Hakuendelea.

"Kaganda?" nikauliza.

"Hajaganda." Mgongo wake ulikuwa umenielekea. "Wifi, huu niuruke? Nitauandika mwenyewe baadaye."

Nikaangalia nambari niliyoishia, nikahesabu miaka. Nilikuwa mjinga kutofikiria. Madaftari yale yalikuwa ya miaka ile ile, na mama mkwe aliandika kila mtoto.

"Soma," nikasema.

"Elfu moja mia nane sabini na moja," akasoma. "Mke wa mwanangu. Jumatano, saa moja asubuhi. Wa kike, kilo mbili na nusu. Ana vidole virefu vya baba yake. Aliishi mpaka saa tisa alasiri. Mama yake sikumwambia kitu, sikujua neno la kumwambia. Nimemhesabu"

Niliandika. Niliandika kila neno kwa mwandiko wa kliniki, ule unaosomeka. Nilipofika mwisho nikaona karatasi imelowa, nikajua nalia. Siku yenyewe sikulia, waliokuwepo watakwambia, nilitazama ukuta. Kumbe kilio kilikuwa kinaningoja kwa watu wengine, kwenye daftari la mwingine. Na nilikuwa na hasira, ili nisiseme uongo. Miaka kumi na tisa tumeketi sebule moja, nimempakulia chakula, amewaogesha wanangu, na neno lilikuwepo. Alikuwa amelikosa mdomoni tu. Mwaka uliofuata siku ile aliacha ukunga, na mimi nilisema ni uzee.

Wifi hakugeuka. Alingoja mpaka aliposikia nimepenga kamasi.

"Tuendelee?"

"Endelea, muda unakwenda."

Tukaendelea. Sikumbuki waliofuata walikuwa akina nani, ila wameandikwa. Katika maisha yangu yote sijaona watu wa umeme wakiwahi kitu, lakini siku hiyo waliwahi. Saa nne kasoro dakika ishirini, wifi akiwa katikati ya nambari elfu moja mia tisa na mbili, "mke wa fundi saa, wa kike, kilo...", kioo kikawa cheusi. Babu alishusha pumzi ndefu ya feni, ikapungua, ikaisha. Kwa mara ya kwanza katika miezi ile nikasikia saa ya ukutani ya sebule ile.

Walibaki saba. Nilimuuliza kama anamkumbuka hata mmoja. Si yeye aliyewachapa?

"Wifi, mimi nikichapa sisikii. Maneno yanapita tu."

Alikaa vile vile mbele ya kioo cheusi. Kisha akaweka vidole kwenye kibodi, kama afanyavyo dukani, akaanza kubonyeza. Vitufe vilitoa mlio wao mkavu, na hakuna kilichoandikika popote. Nilidhani amechanganyikiwa, nikainuka.

"Tatu," akasema. "Kilo tatu kasoro robo. Andika."

Nikakaa, nikaandika. Vidole vikaenda, vikasita, vikarudi nyuma kufuta kitu kisichokuwepo, vikaenda tena. "Elfu moja mia tisa na tatu. Mke wa... mke wa dobi. Wa kiume." Alifumba macho. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Alitoa watatu, na huyo wa tatu uzito wake hakuwa na hakika nao. Wengine wanne vidole havikuwajua. Niliandika nambari zao kwenye daftari, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila moja nikaacha nafasi.

Umeme uliporudi jioni mume wangu alimleta fundi tena. Alisema sasa Babu kazimika, hakuna cha kupoteza, jaribu kile kipande. Fundi akakipachika kumridhisha. Babu akapiga mlio mara tatu. "Si nilikwambia?" akasema fundi, na mume wangu akakichomoa, akakirudisha kwenye gazeti lake. Mpaka leo kimo kwenye sanduku lake la vifaa, kati ya patasi na tupa, na ukimuuliza atakwambia kuna siku kitafaa.

Wifi aliyachapa upya yale niliyoandika, kwenye mashine ya dukani, kila daftari na faili lake. Alikuwa amejifunza, na kila kiboksi kikija sasa anaita mtu amsomee. Kitabu kilipotoka alikileta kliniki, akapanga foleni, zamu yake ilipofika akakiweka juu ya meza yangu. Watu wa foleni walinung'unika. Nikafungua palepale, nikatafuta nambari yangu.

Ilikuwa kama nilivyoiandika. Siku, saa, kilo mbili na nusu, vidole. Mistari yote ya juu yake ilimalizika kwa nukta, na yote ya chini yake, maana wifi asingeruhusu vinginevyo hata kwa mama yake. Ule mmoja haukuwa nayo.

"Wifi, hapa umesahau nukta," nikamwambia.

"Sikusahau," akasema. "Mama aliposema 'nimemhesabu' alinyamaza, nikadhani ana neno jingine. Nikamngoja. Mpaka tukafunga kazi siku ile sikuiweka."

Mgonjwa aliyekuwa nyuma yake akauliza kama tunaongea au tunahudumia. Nikamwomba radhi, nikavuta karatasi, nikamuuliza jina.